Rodi Uliyoikata Kalama

Kioko,

Baba yako ameniambia niandike badala ya kusema. Anasema nikisema natoa moto, na wewe ukiona moto unafunga masikio, kama ulivyofanya mezani jioni hii ukaacha ugali umekaa na kwenda kujifungia chumbani. Haya. Nimeketi jikoni na karatasi. Usidhani hasira imepungua kwa sababu nimeshika kalamu. Iko palepale, na nitaiandika yote, kisha nitaipitisha chini ya mlango wako uisome kabla gari ya yule mkandarasi aliyekuajiri haijaja asubuhi kukupeleka kazini Syokimau.

Mambo ya kula vizuri, kuamka mapema, kuchagua marafiki na kwenda kanisani sitakuandikia. Una ndevu sasa. Kama mpaka leo hujui kufua soksi, Syokimau itakufundisha. Hayo waandikiwe watoto wa wengine. Mimi ni mama yako, lakini pia ndimi fundi aliyekufundisha kushika plaisi ya kukatia waya, na kati yetu kuna kazi moja ambayo haijaisha. Ni nyumba ya susu yako.

Pale mezani ulisema nimekuza jambo dogo. Basi nitalipanga lote tangu mwanzo, uone mwenyewe lina ukubwa gani.

Nyumba ya susu, mama ya baba yako, kule Kalama, ilikuwa na stima ya kizamani. Taa kila chumba, soketi moja sebuleni ya redio na simu, basi. Waya zilikuwa zile za nyekundu na nyeusi, zimekauka mpaka ukizikunja ngozi yake inapukutika mkononi. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema kabla hujaenda kuanza maisha utamwekea susu waya mpya nyumba nzima, soketi za kutosha, na shawa ya kuchemsha maji kwa stima, kwa sababu baridi ya Julai inamshika magotini na kuchemsha maji kwa jiko kumemchosha. Mwanangu, siku hiyo nilifurahi sana. Nilikuwa na kazi Tala, sikuweza kwenda nawe, lakini nilikuazima nyundo yangu nzito na testa yangu ya kupimia stima, nikakupa na rodi mpya ya ardhi, chuma kirefu kilichopakwa shaba, kizima, hakijaguswa. Hiyo rodi unajua kazi yake. Inapigwa nyundo mpaka izame yote, ili stima ikitoroka mahali pake ipate njia ya kwenda chini ardhini badala ya kupitia mwili wa mtu.

Ukafanya kazi. Ikafika siku ya maombi ya shukrani, susu akawasha taa zote mchana kweupe, mchungaji akaombea mpaka swichi. Na yule mkandarasi, ambaye dada yake ni jirani ya susu, alizunguka nyumba nzima mikono nyuma akitazama. Akaona kisanduku cha breka kimenyooka, waya zimelala ukutani bila kupinda, na nje, kando ya ukuta, kile kisimiti cha mraba ulichokipiga kuzunguka kichwa cha rodi, kimelainishwa vizuri. Akasema huyu kijana ana mkono msafi. Akakupa kazi hapohapo, mbele ya pilau. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na sufuria, na nitakuambia ukweli, nilijisikia mrefu.

Halafu Jumamosi iliyopita nikampelekea susu unga.

Nilimkuta anatoka chumbani kwenda kuoga. Miguuni amevaa slipas za mpira, nzito, mpya. Mkono wa kulia ameuzungushia kitambaa kikavu, amekifunga kwa fundo kama mtu aliyejikata. Nikamuuliza, mama, mkono una nini? Akacheka. Akasema mkono hauna kitu, ni wa kufungulia bomba.

Nikamwambia aketi kidogo anieleze. Akaeleza bila wasiwasi wowote, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Kwamba shawa ilipokuwa mpya, kila akiifungua, breka ilikuwa inakata stima nyumba nzima, anabaki na povu kichwani gizani. Akakupigia simu. Ukaja na bodaboda, ukafungua kisanduku kidogo tu, ukakifunga, ukanywa chai ukaenda. Tangu siku hiyo breka haijakata tena, akasifu sana. Lakini bomba likaanza kumshika mkono kwa stima. Akakupigia tena. Na wewe ukamjibu, haya ndiyo maneno aliyonirudishia kwa sauti yake mwenyewe:

"Aliniambia, Susu, vaa slipas tu, hiyo ni kawaida ya shawa."

Kioko, nimepokea habari za misiba katika simu hii yangu na sikuwahi kushtuka hivyo.

Ni kawaida. Najua ni kawaida. Machakos yote tumezoea. Mgeni akilala kwako unampa taulo, unampa sabuni, unampa slipas, unamwambia kwa upole, ukifungua usishike chuma sana, inashika kidogo. Tunasema hivyo tukicheka. Watu wenye heshima zao, wenye makochi ya ngozi, wanaogea ndani ya hatari kila asubuhi halafu wanapaka mafuta na kwenda kazini. Asi! Hakuna kitu kinaitwa kushika kidogo. Kijana mkavu mwenye moyo wa ng'ombe dume ndiye anayeshikwa kidogo. Mwanamke mzee, amelowa kuanzia nywele hadi kisigino, amesimama juu ya simiti yenye maji, moyo wake umeshabeba watoto na wajukuu na kiangazi cha miaka yote hiyo, huyo hashikwi kidogo. Huyo siku moja slipas itamteleza tu.

Nikamwambia asiingie. Nikachukua testa kwenye mkoba, nikaifungua shawa kwa kijiti kikavu, nikagusa bomba. Taa ya testa ikawaka. Bomba la maji, Kioko, linawasha testa. Nikaenda nikazima swichi kubwa.

Nikafungua kisanduku. Ile breka ya kumlinda mtu, yenye kitufe cha kujaribia, inayokata stima yote mara tu inapohisi kuna stima inatoroka, iko pale, nzuri, mpya. Na waya ya shawa haipiti hapo. Umeipitisha kando. Yaani breka ilikuambia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kuna kitu kibaya kwenye hiyo shawa, na dawa yako ikawa kuiziba mdomo.

Nikapanda kiti nikatazama shawa yenyewe. Ni ile ya maji matamu. Kalama! Maji ya kisima cha pale hata chai inaonja chumvi, nguo nyeupe zikianikwa zinakuwa ngumu, na wewe umekunywa chai hiyo tangu ukiwa mtoto. Maji ya chumvi yanabeba stima vizuri kuliko maji mengine, ndiyo maana duka lolote la vifaa, hata pale Tala, watakuuliza kabla hujatoa mkono mfukoni: ya maji tamu ama ya maji chumvi? Swali la kwanza kabisa. Ama ulijibu bila kusikiliza, ama ulichukua iliyokuwa karibu.

Bado nilikuwa najiambia, sawa, amekosea shawa, amekosea breka, lakini rodi ipo, rodi itakuwa imembebea susu sehemu kubwa ya hiyo stima. Nikaenda nje na jembe. Nikapiga kile kisimiti chako kizuri, kikang'oka kizima, na rodi ikatoka nacho. Haikunisumbua hata kidogo. Ilitoka kama muhogo mchanga. Ni kipande kifupi kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Juu kimepigwa nyundo vizuri, chini kimekatwa kwa msumeno, na mikwaruzo ya msumeno bado inang'aa.

Niliketi pale chini kwenye vumbi. Susu akawa ananiita kutoka mlangoni, anauliza kama nimepata, na mimi nimeshika hicho kipande nakiangalia. Nilijua kilichotokea kana kwamba nilikuwepo. Ulipiga, ukakuta jiwe. Kalama ni mawe. Ukahamisha kidogo, ukakuta jiwe lingine. Jua lilikuwa kali, mikono inauma, ukaing'oa hiyo rodi ndefu, na ukaona msumeno.

Sasa nikuambie kinachoniuma zaidi. Nyuma ya bafu ya susu, mahali maji ya kuoga yanapotokea, kuna migomba. Imekuwa pale tangu sijaolewa. Udongo wake ni laini, umelowa mwaka mzima, hata kiangazi kikiwa kimekausha mbuzi. Rodi ingezama pale mpaka kichwa, na udongo wenye maji ndio hasa rodi inautaka, si lile vumbi la juu ulipoichomeka. Ungehitaji kutembea kidogo tu kuzunguka nyumba, na waya mrefu zaidi kidogo. Basi. Hukuzunguka nyumba.

Leo mezani nilipokuuliza, ulisema, "Mama, kila mtu hukata. Rodi moja inatosha nyumba mbili."

Najua hukata. Nimefanya kazi na mafundi wa kila aina kutoka Kithyoko mpaka hapa mjini. Nimewaona wakikata rodi na kucheka kwamba mkaguzi hana macho ya kuona chini ya ardhi. Sikujua nimezaa mmoja. Na mchana nilipokuwa nakupangia vyombo kwenye mfuko wako, niliipata ile sehemu nyingine ya rodi, umeifunga kwa gazeti vizuri. Ulikuwa unaipeleka wapi, Kioko? Hiyo ni nyumba ya nani? Usinijibu. Nimeitoa, na haitaenda Syokimau.

Sikiliza sasa, na usikunje uso, maana hapa siongei kama mtu ambaye hajawahi kukosea.

Kuna mama mmoja Tala, anauza nguo za mitumba, aliniita nikiwa bado nina ujana wa kujiona najua kila kitu. Nyumba yake ilikuwa inakatika stima jioni wakati wa mvua. Nilifika, nikaangalia breka, nikasema hii imezeeka, nikaweka mpya. Ikakata tena wiki hiyohiyo. Nikarudi nikalaumu friji. Friji ikapelekwa kwa ndugu yake, stima ikaendelea kukatika. Mara ya tatu yule mama alinifungulia mlango akasema sasa wewe na mimi tumekuwa ndugu, unakuja kwangu kuliko dada yangu. Niliona haya. Ndipo nikafanya kile nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Nikachomoa kila kitu nyumbani, nikazima njia zote, nikawasha moja, nikangoja, nikawasha nyingine, nikangoja. Uchoshi mtupu. Mpaka nikaipata njia ya sebuleni, na ukutani hapo kuna kalenda ya kanisa, imening'inia kwenye msumari. Fundi aliyenitangulia alikuwa amepitisha waya mshazari ndani ya plasta ili apunguze urefu. Msumari wa kalenda uliugusa pembeni tu. Ukuta ukiwa mkavu, hakuna shida. Ukuta ukilowa mvua, stima inatoroka kupitia ukuta, na breka inakata. Breka ilikuwa inasema kweli tangu mwanzo, na mimi nilikuwa nimeitupa kwenye pipa nikaiita mzee.

Niliona aibu kwa muda mrefu kwa ajili ya ile breka. Sasa wewe hukuitupa hata. Uliiacha pale ukutani iwe pambo, wageni waione wakati wa maombi.

Na hii alama ya kiganjani mwangu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaishika unaniuliza, nikakuambia ni sufuria. Si sufuria. Nilikuwa nabadilisha soketi kwa mzee mmoja hapa mjini, ameketi kwenye kiti chake anasoma gazeti, akaniambia endelea mama, nimezima. Alikuwa mtu mzima, mstaarabu, sikutaka kumwonyesha kwamba simwamini. Alikuwa amezima taa. Soketi alikuwa hajazima. Stima ilinirusha mpaka kwenye kabati, na yule mzee akaja mbio na glasi ya maji. Hakuwa na nia mbaya. Hakujua tu. Tangu siku hiyo mimi nazima mwenyewe, nafunga kisanduku, funguo mfukoni. Halafu napima waya. Na kabla ya kupima waya napima testa yenyewe mahali ninapojua kuna stima, maana testa iliyokufa inadanganya kama yule mzee, kwa uso wa ukarimu uleule. Hilo nilikufundisha ukiwa bado unasimama juu ya kreti kufikia ukuta. Unalijua. Ndiyo maana hasira yangu haina mahali pa kukaa. Ningekuwa sijakufundisha, ningejilaumu mwenyewe, nilale.

Ingawa najilaumu kwa moja. Nilikusifu sana haraka yako. Mbele ya wateja nilisema, huyu wangu anamaliza nyumba mimi bado natafuta ngazi. Nilipenda kulisema. Watu wakacheka, wewe ukanyoosha mabega. Sikuwahi hata siku moja kukusifu kwa kurudi mahali mara ya pili, kwa kuchimba shimo lingine, kwa kuniambia mama, hapa sijaelewa. Hayo sikuyasifu kwa sababu hayaonekani, na labda ndiyo sababu nawe ukajifunza kufanya vizuri yanayoonekana. Kile kisimiti kilikuwa kizuri kweli. Ningekusifu hata mimi ningekiona siku ile.

Baba yako amepita hapa sasa hivi, akaweka mkono begani mwangu, akasema niache mtoto aende na amani, kazi zimekuwa adimu, nisije nikamvunja moyo usiku wa mwisho. Nimemjibu kwamba moyo wako uko salama, ninaouhofia ni wa susu, mama yake. Alikuwa hajaambiwa yote. Unajua baba yako, akiambiwa kitu cha mama yake anaenda kuketi nje kwenye giza. Ameketi huko sasa.

Na kazi unayoiendea si nyumba ya bibi mmoja. Ni magorofa. Familia juu ya familia, watoto wanaooga kabla ya shule, wasichana wa kazi ambao hakuna atakayewauliza kama bomba linawashika. Hao hawana mkaza mwana ambaye ni fundi atakayekuja Jumamosi na unga. Yule mkandarasi amekuchukua kwa sababu ya kazi ya Kalama. Nifikirie mimi hapo. Kila nikikumbuka alivyokusifu naona kile kipande mkononi mwangu. Kama anajua mafundi wake hukata, basi amekuchagua kwa ubaya wako. Kama hajui, amekuchagua kwa uongo. Lipi kati ya hayo unaweza kulalia usingizi, mimi sijui, mimi siwezi kulalia lolote.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wazee walisema hivyo kwa ugonjwa wa mtu, lakini nyumba nazo huficha. Plasta inafunika, rangi inafunika, simiti inafunika, maombi yenyewe yanafunika, na stima haijali yoyote kati ya hayo.

Sasa kazi yenyewe. Shawa nimeing'oa nikaitenga, waya yake nimeifunga ncha na kuiondoa kabisa kwenye kisanduku, kwa hiyo susu anatumia taa na soketi za ukutani kwa tahadhari mpaka rodi izamishwe, na anaoga kwa karai kama zamani. Amenikasirikia. Anasema nimemnyang'anya maji moto ya mjukuu wake. Rodi nzima, mpya, imesimama karibu na mlango wa mbele. Huwezi kutoka nje bila kuipita. Shawa ya maji chumvi iko kwenye katoni kando yake, na nyundo.

Gari ikija, mwambie mkandarasi mpitie Kalama kwanza, ama akutangulie. Mwambie kwa nini. Usimwambie mama amesema. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, nilikata rodi na naenda kuirudisha. Akikuacha kwa sababu hiyo, rudi nyumbani, ugali upo na kazi zangu zipo, na wala sitakukumbusha. Akikungoja, basi huenda ni mtu wa kufanya naye kazi.

Ukifika usianze na nyundo. Zunguka nyumba. Piga rodi kwenye migomba, piga mpaka izame, vuta waya mpaka kisandukuni, funga shawa mpya kupitia ile breka. Bonyeza kitufe chake uone inakata. Pima bomba, pima ukuta, pima mlango wa chuma wa bafu, na usijiamini mara ya kwanza, pima tena. Ukiridhika, uoge wewe kwanza. Ndipo umwite.

Kuna jambo moja sikulisema mezani kwa sababu uliinuka kabla sijalifikia. Ulinirushia lile neno la mwisho mlangoni, ukasema, "Mbona susu mwenyewe hajalalamika?"

Nami nilimuuliza hivyohivyo, Jumamosi ile. Nilirudi ndani na kile kipande cha rodi nimekificha nyuma yangu, nikamwambia, mama, hii shawa ingekuua, na mimi napiga simu hapa kila siku unaniambia uko salama. Kwa nini hukuniambia? Alikuwa anafungua kile kitambaa mkononi, polepole, fundo lilikuwa limekaza. Hakuniangalia. Akasema alijua tangu wiki ya kwanza kwamba si kawaida. Alijua, Kioko. Susu yako si mjinga, amekuwa akiogopa lile bomba kila siku ya Mungu. Akasema:

"Ningekuambia, ungemgombeza, na mtoto yuko karibu kwenda. Nikaona nivumilie mpaka aondoke vizuri, halafu nikuite."

Ndiyo maana hakulalamika. Alikuwa anaingia mle ndani kila asubuhi akiwa na hofu, anaoga haraka, anatoka, ili wewe uende Syokimau bila doa.

Mimi nimekwisha kukugombeza. Yeye hatakugombeza, hata ukimwambia yote. Kwa hiyo nenda ukamwambie.

Mama yako